Mraba wa Nne

Kamina, Jumapili tarehe 3 Novemba

Daftari hili lilikuwa la gare, stesheni ya treni. Lina safu ya saa, safu ya namba ya treni, na safu ya mwisho ni ya maoni. Siku niliyostaafu niliondoka na madaftari manne kama hili kwapani, na Mungu anisamehe, sikumwomba mtu ruhusa. Miaka thelathini na mmoja, hadi nikawa shefu, mkuu wa gare, niliandika treni zilizofika na zilizochelewa. Sasa nitaandika maji.

Aliyeniomba ni Guylain, mwanangu, fundi umeme huko Kolwezi. Juma lililopita alituletea sanduku la kioo, refu kama mkono wangu mzima, na kipampu cha hewa cha kutumia batri ya sola, na mkebe wa vikaratasi vya kupimia maji. Samaki wametoka kwa Cyprien, kaka wa mke wangu, kule Kabondo-Dianda. Ni perege wadogo sita. Walisafiri ndani ya bidoni, dumu la plastiki, kwanza kwa pikipiki hadi Bukama, kisha kwa treni, na wote wamefika hai. Treni yenyewe ilichelewa siku mbili. Wakati wangu ningeandika sababu.

Yote haya ni kwa ajili ya Numbi, mke wangu. Tangu mwezi wa tano upande wake wa kulia umekufa na ulimi umemgomea. Anasikia yote, anaelewa yote, lakini neno likifika mdomoni linakwama. Alizaliwa ziwani, baba yake alikuwa mvuvi. Tulipowatia samaki kwenye kioo mbele ya kiti chake, aliweka kiganja cha kushoto juu ya kioo akacheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia kwa miezi sita. Saa tisa na dakika kumi alasiri.

Guylain amenifundisha vikaratasi kabla ya kuondoka. Kila kimoja kina miraba minne midogo. Unakichovya, unasubiri, unalinganisha rangi na zile za kwenye mkebe. Mraba wa kwanza ni wa ile dawa wanayotia kwenye maji ya kunywa. Ukigeuka waridi, samaki hawana maisha. Wa pili ni wa uchachu, wa tatu wa chumvi za udongo.

"Na wa nne?" nikamuuliza.

"Ile iko ya mavi ya samaki, Papa. Ikianza kuwa nyekundu, njo kusema mayi ilishachafuka. Unabadilisha."

Sawa. Nimeelewa.

Tarehe 4 Novemba

Maji ya bomba la mtaa. Miraba yote safi. Samaki sita.

Tarehe 5 Novemba

Vilevile.

Tarehe 9 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Bati limepiga kelele hadi redio haikusikika.

Mauwa amekuja na mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Huyu ni jirani yetu, mjane, muuza mchele sokoni. Babu zake walikuja na biashara kutoka Maniema wakabaki hapa. Kila asubuhi kabla ya soko huja kumwosha Numbi na kumsuka nywele. Namshukuru kwa hilo, ila mdomo wake hauna breki. Anaanza kuongea akiwa bado kwake. Leo amesimama mbele ya kioo na mikono kiunoni:

"Papa Shefu, samaki banalala mu nyumba ya vitre, minyi Mauwa nalala mu nyumba ya udongo inavuya! Mungu anajua kugawa, kweli."

Numbi amecheka mpaka machozi. Mimi sikucheka.

Tarehe 18 Novemba

Kipindupindu kimeingia mtaani kwetu. Watu watatu wa barabara ya nyuma wamepelekwa kwenye mahema ya wagonjwa. Bombani wameweka msichana wa kutia dawa kwenye maji. Anaitwa Naomie, baba yake ni sajini huko Base, kambi ya jeshi. Ana jile, kizibao cha bluu, na bomba la sindano lisilo na sindano. Kila bidoni ikijaa anaidunga dawa, anasema "Ngoja nusu saa mbele ya kunywa," anaita mwingine. Hana hata miaka ishirini na mitano na anatoa amri kama mkaguzi wa reli.

Mraba wa kwanza: waridi kidogo. Nimebadilisha maji hata hivyo, kidogo hakidhuru.

Tarehe 19 Novemba

Kidogo kimedhuru. Samaki wawili wamekufa. Numbi aliwaona kabla yangu. Nilipotoka kunyoa nilimkuta anagonga kioo kwa kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Leo hakula. Nimemweleza kwamba kosa ni langu. Amenitazama tu.

Tarehe 22 Novemba

Nimetengeneza chujio: ndoo tatu zilizotobolewa, moja juu ya nyingine, kokoto, mchanga uliooshwa mara saba, makala yaliyopondwa. Nimepitisha maji ya bomba. Bado waridi. Inaonekana msichana ameongeza dawa kwa sababu wagonjwa wameongezeka.

Nimejaribu maji ya mvua. Bati letu lina kutu tangu enzi za Zaire. Mraba wa pili umekuwa njano kabisa, na samaki wamekwenda juu kuhema kama wazee waliopanda ngazi. Nimeyaondoa haraka.

Tarehe 23 Novemba

Nimemwendea Naomie bombani, kwa heshima, kofia mkononi.

"Binti, bidoni moja tu uipitishe bila dawa. Haina ya muntu. Iko ya samaki."

"Papa, nikiacha yako, hii bamama bote batasema nini? Batataka niache yabo pia."

"Samaki banakufa."

"Basi tia mayi mu bassin, acha wazi siku mbili. Dawa itatoka yenyewe. Kisha pima na kartasi yako. Iko vile tu, Papa, haina kazi ya nguvu."

Wanawake wa foleni wakacheka, nadhani kwa sababu ya kofia. Nimerudi nyumbani damu inachemka. Nimepitisha treni za madini na treni za wanajeshi, usiku na mchana, bila ajali hata moja, leo mtoto wa juzi anifundishe kuacha maji kwenye beseni! Sijaweka beseni lolote.

Tarehe 26 Novemba

Wamefunga kisima changu.

Naomie na vijana wawili, na kopo la rangi. Wameweka mbao juu ya mdomo, waya kuzunguka, na msalaba mwekundu. Kisima hiki nilikichimba kwa mikono yangu mwaka aliozaliwa Guylain. Mimi chini, Numbi juu na kamba, akivuta ndoo za udongo na tumbo la miezi saba. Nilimkataza akanijibu kwamba mimba si ugonjwa. Maji yalipotoka alinimwagia ndoo nzima kichwani. Ni kweli hatukinywi tangu bomba lifike, lakini kisima ni kisima.

"Iko karibu sana na choo ya hapa pembeni, Papa," amesema Naomie. "Mvua ikinyesha, bya choo binashuka mu puits. Hata kama mayi inaonekana mweupe."

"Miaka makumi tatu tulikunywa ile mayi. Nani alikufa?"

"Mbele mulikuwa nyumba ngapi hapa, Papa? Na sasa bantu banajenga kila fasi."

Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Tarehe 28 Novemba

Nimefungua waya kwa koleo. Ni kwa samaki tu. Nimechota ndoo mbili alfajiri, nikaurudisha waya vizuri mtu asione.

Maji yalipotoka kwenye chujio yaling'aa. Mraba wa kwanza mweupe, wa pili safi, wa tatu safi. Wa nne mwekundu kidogo. Ule ni wa mavi ya samaki, na maji haya hayajamwona samaki. Labda vikaratasi vimeshika unyevu. Nimewatia maji. Wamecheza mpaka jioni.

Tarehe 29 Novemba

Samaki wanne, wazima. Wa nne mwekundu kidogo.

Tarehe 3 Desemba

Vilevile.

Tarehe 8 Desemba

Mauwa ameinua kifuniko cha ndoo ya chujio. "Aa, Papa Shefu, hii mayi inashinda hata ya bazungu mu chupa! Unatoa wapi?"

"Ya bomba. Nachuja tu."

Nimemdanganya mwanamke anayemwosha mke wangu. Naandika kwa sababu daftari la gare halidanganywi. Msimamizi wangu wa kwanza alinifundisha hivyo: mdomo utasema unavyotaka, kalamu iandike treni ilivyofika.

Tarehe 15 Desemba

Saa nne na nusu asubuhi Numbi amesema "samaki".

Neno zima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mauwa alikuwa anamsuka, akaangusha kitana, akaanza kupiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani ameolewa. Numbi amelirudia mara tatu. Nimetoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, nikalia kidogo. Halafu nimechota maji ya samaki wakati wa mchana kweupe, bila kujificha sana. Hawa samaki hawatakufa nikiwa hai.

Tarehe 25 Desemba

Guylain hajaja. Barabara imekatika mahali fulani. Tumekula mchele wa Mauwa, aliyeuleta yeye mwenyewe ingawa si sikukuu yake. Amekaa, ameongea saa mbili mfululizo. Sikuchoka sana.

Tarehe 31 Desemba

Mvua. Samaki wanne.

Tarehe 9 Januari

Numbi amesema "mvua", kisha "Guylain", nusu yake. Mvua inanyesha kila alasiri kama inalipwa mshahara. Kisima kimepanda hadi ukiinama unagusa maji. Naomie amepita, ametazama msalaba kwa mbali, amenisalimu. Nimeitikia kwa kidevu.

Tarehe 17 Januari

Samaki mmoja, jike nadhani, hali. Taya lake limevimba, anakaa pembeni nyuma ya jiwe. Nimechukua kikombe ili nimtoe asije akawaambukiza wengine. Numbi amenishika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima, na nguvu zile sijui amezitoa wapi. Anatikisa kichwa, anatikisa kichwa. Nimemwambia samaki anaumwa. Akatikisa tena, akatabasamu. Nimemwacha. Mgonjwa akitabasamu hubishani naye.

Tarehe 20 Januari

Jike bado hali. Numbi anamtazama yeye tu.

Tarehe 21 Januari

Mvua tangu asubuhi.

Tarehe 22 Januari

Mvua.

Tarehe 23 Januari

Mvua siku ya tatu. Njia imekuwa mto, bomba limefungwa. Mauwa ameleta uji asubuhi akiwa amelowa chapachapa, hakukaa. Bidoni ya kunywa imekwisha saa nane. Makala ya mwisho makavu nilishayatia kwenye chujio, siwezi kuchemsha. Saa tisa na dakika ishirini nimempa Numbi vikombe viwili vya maji ya chujio na kidonge chake cha presha. Nimepima kwanza: mitatu safi, wa nne mwekundu. Samaki wanne.

Tarehe 24 Januari

Mvua imekatika. Bomba limefunguliwa. Numbi mzima, amekula vizuri.

Tarehe 28 Januari

Sikuandika siku tatu. Naandika sasa kwa mpangilio, kwa sababu sijui njia nyingine ya kuandika.

Jumamosi tarehe 25, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuta godoro limelowa hadi chini. Yale maji yaliyomtoka yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Alikuwa ananitazama. Macho yamezama ndani, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Nilijua papo hapo. Nilimwita Mauwa kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Mauwa alifika, akatazama, akakimbia kwake. Alirudi na mkokoteni wake wa mchele, akatandika kanga zake tatu, tukamlaza Numbi. Yeye akavuta, mimi nikasukuma. Matope yalifika magotini penye kalavati. Hapo viatu vyangu vilibaki na sikuvirudia. Njia nzima Mauwa alikuwa anageuka anasema, "Mama Guylain, tuko karibu. Angaria minyi. Tuko karibu."

Kwenye mahema walimtundikia maji ya chupa mikono yote miwili. Mishipa ilikuwa imelala. Muuguzi mwenye daftari akaniuliza jina, umri, mtaa. Kisha:

"Papa, alikunywa mayi gani?"

Naomie alikuwa amesimama pale na ndoo ya dawa ya kunyunyizia viatu. Mauwa alikuwa amekaa chini, amekumbatia kanga chafu.

"Ya bomba," nikasema.

Kalamu ya muuguzi ikaandika. Nimeandika mimi maelfu ya mistari katika maisha yangu, nami najua mstari wa uongo unavyoonekana ukishakauka. Hauna tofauti na mwingine.

Numbi alifariki Jumapili tarehe 26, saa tano kasoro dakika saba asubuhi. Mwishoni alikuwa na kiu kubwa. Alisema "mayi". Nilimpa kwa kijiko, ya kwenye mahema, yenye dawa. Yalikuwa yanamtoka pembeni ya mdomo.

Hawakuruhusu aoshwe nyumbani. Watu wenye mabuti na miwani walimfunga kwenye mfuko, wakanyunyizia, wakamzika. Sisi tulisimama mbali. Mauwa aliwasihi wamwachie dakika kumi amsuke upande mmoja, kwa sababu Ijumaa hakuumaliza. Wakamkatalia, kwa upole. Nimemzika mke wangu na nusu ya kichwa haijasukwa.

Samaki wanne. Jike bado hali.

Tarehe 29 Januari

Kilio kwetu. Turubai imefungwa uani, wanaume nje, wanawake ndani. Guylain amefika na uso wa udongo. Amenikumbatia akasema, "Papa, ulimuchunga muzuri, kila muntu anasema." Nilitaka ardhi ipasuke.

Tarehe 31 Januari

Maneno yameanza. Sijui yalianzia kwa nani. Nani alimlisha marehemu? Mauwa. Uji aliupikia wapi, kwa maji gani, kwenye mvua ile? Leo ameleta sufuria ya mchele kwa ajili ya waombolezaji. Ikawekwa chini, hakuna aliyefunua. Ilikaa pale mpaka ikapoa. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Muntu anauwa, kisha analeta chakula."

Mauwa alichukua sufuria yake. Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ni mwenye nyumba na neno langu lingetosha. Nilijifanya natafuta kofia.

Tarehe 1 Februari

Nimepita sokoni. Meza ya Mauwa imejaa mchele na hakuna mnunuzi. Jirani zake wa mezani wamesogeza meza zao. Mkokoteni wake mtu ameuvunja gurudumu, ule ule uliombeba Numbi. Nimepita upande wa pili wa njia.

Jioni Naomie amekuja kutoa pole. Alikaa kidogo, kisha akaomba aone kisima. Alichuchumaa, akashika waya.

"Hii waya, minyi sikuifunga vile."

Nilivua kofia, nikaivaa tena.

"Papa, minyi si polisi. Na Mama hatarudi." Alisimama akafuta magoti. "Lakini Mama Mauwa iko muzima, na hana muntu wa kumusemea."

Aliondoka bila kusubiri. Niliwahi kuandika hapa kwamba anatoa amri kama mkaguzi. Laiti ningalimsikiliza.

Kisha nilichukua mkebe wa vikaratasi na miwani, nikasoma maandishi madogo ya nyuma, ambayo sikuwahi kuyasoma tangu Novemba. Mraba wa nne si wa mavi ya samaki peke yake. Ni wa uchafu wa wanyama, wa mbolea, na wa vyoo. Miezi miwili ulikuwa unaniambia kila asubuhi, nami nikaandika kila asubuhi, kwa mwandiko mzuri.

Tarehe 3 Februari

Cyprien amefika kutoka Kabondo-Dianda, siku nne njiani, mguu mmoja umevimba. Amelala kwenye turubai. Kesho tunaondoa matanga, na kesho atauliza. Kwetu ndugu wa mke wakifika huuliza mbele ya watu wote: mtoto wetu amekufa na nini? Mume hapewi maji ya kunywa kabla hajajibu.

Tarehe 4 Februari

Watu walikuwa kama sitini. Mauwa alikuwa amesimama nje ya ua, kwenye kona, amejitanda. Alikuja ingawa hakuitwa.

Cyprien ni mvuvi, si mtu wa maneno. Alisimama akasema, "Mudogo wangu nilimupatia huyu mwanaume akiwa na miaka kumi na nane. Leo hayuko. Zébédée, mutoto yetu alikufa na nini?"

Shangazi yule akawahi: "Mama wa mchele njo anajua."

Nilikuwa na daftari chini ya koti. Nikalitoa. Nikasema, "Muache nisome," na nikasoma. Nikasoma tarehe 26 Novemba, walivyofunga kisima. Nikasoma tarehe 28, nilivyofungua waya. Nikasoma tarehe 8 Desemba, nilivyomdanganya Mauwa. Kisha nikasoma tarehe 23 Januari, hadi "vikombe viwili".

Guylain alikuwa ameweka viganja usoni.

"Soma tena ile ya mwisho," akasema Cyprien.

Nikasoma tena. Saa tisa na dakika ishirini. Mitatu safi, wa nne mwekundu.

"Uji haikufanya kitu," nikasema. "Mama Mauwa alimubeba dada yenu ku mukokoteni. Minyi njo nilimupatia ile mayi. Kisha nikawaacha bantu banamusema, nikanyamaza."

Nilitazama kule konani. Nilidhani Mauwa atapiga kelele, atanitukana, na ningeshukuru. Aligeuka akaenda kwake, polepole.

Cyprien aliingia sebuleni peke yake. Alikaa kwenye kiti cha Numbi kwa muda mrefu. Nilipoingia alikuwa ameinama mbele ya kioo, anamtazama yule jike nyuma ya jiwe.

"Hii inabeba batoto mu kinywa," akasema. "Mayai, kisha batoto. Haikulake chakula mpaka batoke. Kwetu kila muntu anajua." Akagusa kioo kwa kidole. "Numbi alijua."

Nikamweleza alivyonishika mkono, alivyotabasamu. Hapo ndipo Cyprien alipolia. Nilitaka kumgusa bega, sikuthubutu. Alipomaliza alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Nilituma samaki juu ya mudogo wangu. Sasa sitabeba kurudi kwetu. Utachunga weye. Hata moja isikufe, unasikia?"

"Nasikia."

"Kila siku uandike."

Tarehe 5 Februari

Guylain, Cyprien na vijana wa mtaa wamefukia kisima. Nilitaka kushika koleo, Guylain akaninyang'anya. Hajaniongelesha tangu jana. Udongo uliingia ule ule alioutoa mama yake.

Tarehe 6 Februari

Nimekwenda kwa Mauwa na gurudumu jipya la mkokoteni. Alilipokea. Alilizungusha kuona kama limenyooka.

"Mama Mauwa, nisamehe."

"Siku tano, Papa Shefu. Siku tano ulikuwa unaona." Akaegemeza gurudumu ukutani. "Kama ungeniuliza mayi ile siku, mu nyumba yangu mulikuwa bidoni mbili. Mbili, zenye dawa. Hatua makumi mbili tu."

Sikuwa nimefikiria kumwuliza. Hilo ndilo ninalolala nalo. Shefu wa gare haombi maji kwa muuza mchele.

Hakunisamehe. Hakunifukuza pia. Alisema atakuja kuchukua kitana chake alichokisahau kwetu.

Tarehe 7 Februari

Nimeenda bombani kwenye foleni, nyuma ya wanawake. Naomie amedunga dawa kwenye bidoni yangu. Nikamwuliza, beseni niliache wazi siku ngapi?

"Mbili, Papa. Na ukiona bado, tatu."

Nimeweka mabeseni mawili sebuleni. Guylain amerudi Kolwezi na treni ya saa sita, iliyoondoka saa kumi na moja. Mlangoni alisema, "Chunga presha yako." Ni neno.

Tarehe 9 Februari, Jumapili

Maji ya beseni, siku mbili. Mraba wa kwanza mweupe. Wa nne mweupe. Ni kuacha tu, haina kazi ya nguvu, kama alivyosema.

Nimepima pia kikombe changu cha kunywa. Waridi. Nimekunywa chote.

Saa nne na robo jike ametoka nyuma ya jiwe, akafungua mdomo. Wametoka kama vumbi, kisha vumbi likawa na macho. Nimehesabu hadi thelathini na saba, wakasogea, nikaanza upya. Kivuli changu kilipopita juu ya kioo wakarudi wote mdomoni kwa mama yao, mara moja. Nikakaa kimya, wakatoka tena.

"Mama Guylain, angaria," nikasema, na nikageuka.

Kiti bado kiko pale pale, kimeelekea kioo. Juu yake kuna kitana cha Mauwa.